Kofia Tano, Benchi la Tatu

Saluni ya Arletha Mabry ina viti vitatu vya kusukia na viti tisa vya kukalia, na hivyo tisa ndivyo vinavyojaa kwanza. Watu wa mtaa wa Orange Mound hawaendi pale kwa ajili ya nywele tu. Wanaenda kujua nani kahama, nani karudiwa na mumewe, nani kaonekana wapi akiwa na nani. Arletha mwenyewe, miaka sitini na nne, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, alipokea habari za nusu ya Memphis na kuzigawa kwa kipimo, huyu kidogo, yule zaidi. Habari moja tu hakuwahi kumgawia mteja yeyote, na hiyo ndiyo Jessamy Rollins aliyomletea Alhamisi moja, ndani ya kompyuta, saa ambayo kwa bahati wateja wote walikuwa wamekwenda kula.

Jessamy alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mrefu, mwenye kucha za rangi ya chungwa na haraka ya mtu anayehofia kuachwa na basi. Mtaa mzima ulijua kwamba alipozaliwa aliandikwa mvulana, na kwamba karatasi hiyo alishaibadilisha mahakamani. Hakuficha, na watu walishachoka kuuliza. Kazi yake ilikuwa kwenye jumba dogo la sinema la jumuiya, na Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa nane mchana, alikuwa anaandaa onyesho alilolipa jina la Tulikuwemo. Alitaka kuonyesha wanawake Weusi trans, wanawake kama yeye, waliowahi kupita mbele ya kamera: tangu zile picha za zamani ambazo mtu alionyeshwa mgongo tu, au aliletwa ili achekwe, au alikufa kabla watazamaji hawajafika nusu ya bisi zao, mpaka hizi za sasa ambazo majina yao yako juu ya bango na nyuso zao zinajaa ukuta.

Akaifungua kompyuta juu ya kaunta, katikati ya chupa za mafuta.

"Bi Arletha," akasema, "nimekuona."

"Umeniona wapi?"

"Benchi la tatu. Kofia ya zambarau."

Arletha aliweka kitana chini, akaenda kugeuza kibao cha mlangoni kisomeke kwamba pamefungwa. Kisha akauliza jambo moja tu, nani kasema. Jessamy akajibu kwamba ni Bi Petty, ambaye yeye Jessamy alikuwa anamrekodi kule nyumba ya wazee, majira ya baridi yaliyopita, wiki tatu kabla hajafariki. Arletha akacheka bila kutaka.

"Petty angetunza siri kama wangemkata ulimi," akasema. "Na hata hapo angeomba kalamu."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kiangazi cha mwaka 1988 watu wa sinema walikuja kutoka California kupiga picha ya mchungaji aliyewaficha wezi wa benki kwenye chumba cha ubatizo. Walihitaji waumini wa kujaza kanisa, na tangazo lao lilisema wanawake waje na kofia zao wenyewe. Basi hilo likatosha. Arletha na wenzake wanne, Dovie, Tangela, Renita na huyo Petty, walikuwa wakiishi nyumba moja ya kupanga na kula chungu kimoja, wote wanawake ambao kwao walikotoka waliitwa kwa majina ya kiume, na wote walijua kofia kuliko askofu. Dovie, mdogo wao, ndiye aliyewashawishi. Alitokea na kofia ya njano pana kama sinia la pilau, na hakusema ameitoa wapi.

Foleni ilikuwa ndefu. Mwaka ule mtu angeweza kupigwa kwa kosa dogo kuliko hilo, na asipatikane wa kumtetea. Lakini yule mama wa mavazi aliwatazama kutoka juu mpaka chini, akasema ninyi watano mnajua kuvaa, kaeni benchi la tatu, kamera iwapate. Hakuna aliyeuliza zaidi. Saa tatu nzima wakakaa mbele ya taa na watu mia mbili, wakiwa mama wa kanisa.

Halafu likatokea la kutokea. Mwigizaji aliyekuwa mchungaji alifika katikati ya mahubiri yake, akanguruma: wanaume wa nyumba hii, simameni. Sasa, Arletha kanisani ndiko alikokulia. Tangu miaka mitano mpaka kumi na sita alikuwa kwenye kwaya ya wavulana, na sauti ya namna ile ikitoka mimbarini, miguu haingoji ruhusa ya kichwa. Akasimama. Kofia ya zambarau, glovu nyeupe, mkoba mkononi, wima kabisa katikati ya mashemasi. Dovie akamkamata sketi, Renita akamkamata mkanda, Tangela akajificha uso, Petty tayari alikuwa amekwisha kwa kicheko. Walimvuta chini kama wanaovuta mtu kutoka kisimani, na Arletha, akitafuta la kujiokoa, akarusha mikono juu akaita Yesu. Kisha wote watano wakaangua kicheko nyuma ya pepeo zao za karatasi, kile kicheko cha mtu aliyekoswa na gari.

Mwelekezi wa sinema alidhani ameona Roho akishuka. Aliruka kutoka kitini, akawaomba warudie. Wakajaribu mara nne, haikutoka tena. Kwa hiyo ile ya kwanza ndiyo iliyobaki ndani ya sinema mpaka leo, sekunde arobaini. Ukiitazama bila kujua, utaona mama mmoja amepandwa na furaha ya Bwana na wenzake wanamshika asianguke. Ukijua, utasikia vizuri kabisa nani aliambiwa asimame, na utaona nani aliyesimama.

Ndiyo maana Arletha alisema hapana kabla Jessamy hajamaliza kuomba.

Hakuwa anaogopa mtaa. Mtaa ulikuwa na watu wanaojua, watu wanaohisi na watu wasiojali, na wote walikuja kusukwa. Alichoogopa ni mlango wa kanisa la Baptisti la Kisima Kitulivu. Miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa mlangoni pale, gauni jeupe, glovu nyeupe, mkono wa kushoto mgongoni, akiongoza watu kwenye viti kwa ishara za vidole bila kutamka neno. Mtu anayezungumza wiki nzima anahitaji mahali pa kunyamaza, na Arletha alipapata hapo. Na aliyemfundisha ishara zile, aliyempanga mlango mkubwa, aliyesimama naye bega kwa bega Jumapili hadi Jumapili, alikuwa mkuu wa wahudumu, Odessa Pruitt, miaka sabini na tatu, hajaolewa, hacheki ovyo. Odessa alikuwa dada mkubwa wa Dovie.

Arletha alilijua hilo tangu siku ya kwanza alipoingia. Odessa hakujua lolote kuhusu yeye. Kila mwaka, Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, Odessa aliwasha mshumaa kwa ajili ya mdogo wake wa kiume, Raymond, aliyekufa kijana, na Arletha alikuwa anamshikia kiberiti. Raymond huyo ndiye Dovie. Alikufa mwaka 1992, kwa maradhi ambayo mwaka ule watu hawakuyataja, na ukoo ukamnyoa nywele ukamzika na suti ya kahawia. Arletha na wenzake waliyatazama mazishi hayo kutoka ndani ya gari, ng'ambo ya barabara.

Tangela alitangulia kabla yake, naye kwa suti. Renita aliuawa Houston, na mama yake akamzika kwa jina ambalo Renita mwenyewe alikuwa halijibu hata akiwa amelala. Petty, kwa kukosa ndugu, alizikwa na kaunti kwa jina lililokuwa kwenye karatasi zao. Wanawake wanne, na duniani pote palibaki mahali pamoja tu walipoonekana kama walivyokuwa, sekunde arobaini kwenye sinema ya wezi wa benki.

Jessamy aliyasikiliza yote haya bila kugusa kucha zake. Hakubishana. Alisema tu kwamba ana kofia tano kwenye picha na jina moja tu alilo na hakika nalo, maana Bi Petty siku zile za mwisho alikuwa anachanganya nani alivaa nini. Kama Bi Arletha hatamwambia, basi wale wengine watabaki hivyo hivyo, kofia.

Wateja waliporudi, Arletha akamsuka Bi Lavonda upande mmoja kwenda kushoto na mwingine kwenda kulia, ikabidi afumue. Jioni akampigia Jessamy simu na masharti. Atawataja wanne wote, kofia kwa kofia. Jina lake yeye lisitajwe, na uso wake ufunikwe. Jessamy akakubali, akasema kufunika uso ni kazi ya dakika kumi.

Jumatano, siku tatu kabla ya onyesho, akamwita aje kutazama. Jumba lilikuwa tupu, likinuka siagi ya bisi, na Arletha akakaa katikati, mkoba mapajani. Taa zikazimwa. Akawaona. Alikuwa hajawaona wakiwa wakubwa kiasi kile. Renita na mwanya wake. Tangela na ile tabia yake ya kuinua bega akitaka kucheka. Petty, mnene, mzuri, miaka thelathini na moja, mashavu yanang'aa. Dovie chini ya lile sinia la njano.

Katikati yao palikuwa na ukungu. Doa la kijivu lenye kofia ya zambarau, likapanda juu, likashuka chini. Mikono ya Dovie ilikuwa inavuta doa. Renita alikuwa ameshika mkanda wa doa. Wote wanne walikuwa wameligeukia, wanalicheka, machozi yanawatoka, na palipokuwa na mtu hapakuwa na mtu.

Arletha akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena.

"Wanamcheka nani?" akauliza, taa zilipowashwa.

Jessamy akasema kwa upole kwamba ni Bi Arletha mwenyewe aliyetaka afunikwe.

"Najua nilichotaka. Nakuuliza wanamcheka nani, maana hapo wanaonekana wehu. Wanawake wanne wazima wanacheka moshi."

Arletha alikuwa anawaza kwamba watu walichukua taabu kubwa kuwafuta wale wanne, wakanunua na suti, na sasa yeye aliyebaki hai kajifuta mwenyewe bila hata kulazimishwa, tena kaharibu na kicheko chao. Aliwaza pia mlango wa kanisa na glovu zake zilizopigwa pasi. Mwisho akamwambia Jessamy auondoe huo ukungu. Lakini akasema kwanza kuna mtu lazima aambiwe, na aambiwe na yeye, asije kuisikia habari ya ndugu yake kwenye foleni ya samaki.

Kesho yake wahudumu walikuwa na mazoezi. Arletha alifika mapema, akamkuta Odessa anapanga pepeo kwenye viti. Alikuwa amejiandalia maneno tangu asubuhi, ameyachana vizuri na kuyagawa mafungu kama nywele. Alipofungua mdomo yakasokotana. Alisema kuna jambo kuhusu marehemu ndugu yako. Odessa akanyoosha mkono, ile ishara ya kumzuia mtu asipite wakati wa sala, akasema habari za Raymond zimelala na hataki mtu aziamshe. Arletha akabaki na sentensi nusu. Akasema basi, Jumamosi saa nane, jumba la sinema la jumuiya, tafadhali njoo, nitakuwa pale mbele na nitasema jambo ambalo nimekuficha.

"Jumamosi nina mazishi ya mzee Tolliver," Odessa akajibu. "Na sinema si mambo yangu." Akaendelea kupanga pepeo.

Jumamosi jumba lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Walikuja mabinti wa rika la Jessamy na vitambaa vya kumetameta, wakaja mama zao, wakaja wateja wote tisa wa vile viti vya saluni, kwa sababu Bi Lavonda alisikia kuna kitu na Bi Lavonda hasikii peke yake. Nje palikuwa na kambale wa kukaanga na tambi, na chai baridi yenye sukari ya kuua. Wanaojua watu wetu wanajua hawatazami sinema kwa kunyamaza. Alipotokea yule wa picha ya zamani anayeuawa dakika ya nane, mtu akamwonya kwa sauti asifungue mlango huo, mama, nakusihi, na mwingine akajibu kila mara anaufungua. Lakini zilipofika picha za hivi karibuni, zile ambazo mwanamke wa namna hii anapendwa, anafanya kazi, anagombana na dada yake kuhusu nyama choma, anazeeka, ukumbi ukatulia kwa namna nyingine. Binti mmoja mbele ya Arletha alikuwa analia taratibu kwa sababu mtu kwenye ukuta alikuwa anaosha vyombo, basi, vyombo tu, na hakuna aliyekuja kumuua.

Kisha likaja benchi la tatu.

Hakukuwa na ukungu. Mchungaji akanguruma, Arletha wa miaka ishirini na nane akasimama wima, na ukumbi ukachukua kama sekunde mbili kuelewa. Bi Lavonda ndiye aliyeelewa kwanza. Alitazama ukuta, akamtazama msusi wake wa miaka kumi na mitano, akatazama ukuta tena.

"We Arletha," akasema, taratibu kabisa, "waliita wanaume, ukasimama?"

Jumba zima likaangua kicheko. Kilikuwa ni kicheko kile kile cha nyuma ya pepeo, na Arletha akajikuta yumo ndani yake, anacheka mpaka anashika mbavu, na wale wanne juu ya ukuta wanacheka naye. Jessamy akasimamisha picha hapo hapo, akampelekea kipaza sauti.

Akawataja. Huyu mwenye mwanya, kofia ya kijani, ni Renita Shaw, alikuwa anaimba akioga na majirani walimwomba aendelee. Huyu ni Tangela Booker, alishona kwa usiku mmoja hilo gauni alilovaa, na akamshonea kila mmoja wetu. Huyu ni Petty Ann Wilkes, ambaye angekuwa hapa angeninyang'anya hiki kipaza sauti. Na huyu wa njano ni Dovie. Hapo akasita. Jina la ukoo lilikuwa mdomoni, akalimeza, kwa sababu halikuwa lake la kutoa. Dovie, akarudia, mdogo wetu, aliyenivuta sketi. Na huyu mjinga aliyesimama ni mimi, Arletha Mabry, na nimekaa miaka thelathini na sita bila kulisema.

Watu walipiga makofi kwa kila jina, na waliyarudia majina kama wanavyoitikia kanisani. Arletha alikuwa anatafuta pa kuweka kipaza sauti alipotazama nyuma ya ukumbi. Mlangoni alisimama Odessa Pruitt. Alikuwa ametoka moja kwa moja mazishini, gauni jeupe, glovu nyeupe, mkono wa kushoto mgongoni. Mtu wa safu ya nyuma alimpisha kiti, hakukaa. Mhudumu akiwa na gauni hakai.

Watu walipotoka kwenda kula, Odessa hakutoka. Aliteremka ngazi, moja moja, mpaka kwenye safu ya Arletha, na Arletha akasimama. Jessamy alikuwa jukwaani anakunja nyaya, akaona afadhali aendelee kuzikunja.

"Ile kofia ya njano ni yangu," Odessa akasema.

Odessa akaendelea, macho kwenye ukuta mweupe. Akasema sinema ile ilionyeshwa kwenye televisheni mwaka 1990, na Raymond alikuwa amekaa chini kwenye zulia lake, anakula chungwa. Odessa aliiona kofia aliyoitafuta miaka miwili, akaona uso chini yake. Raymond aliendelea kumenya chungwa na yeye akaendelea kufuma. Tangu hapo imerudiwa mara nyingi kwenye televisheni, na kila mara huitazama.

"Sikuwaangalia ninyi wengine," akasema. "Nilikuwa namwangalia aliyevaa kofia yangu. Miaka kumi na tisa umesimama kushoto kwangu, Dada Mabry. Umenishikia kiberiti. Na muda wote huo hili lilikuwa mdomoni mwako."

"Lilikuwa mdomoni mwangu," Arletha akakubali.

"Ningekufa bila kujua."

"Niliogopa utaniondoa mlangoni."

"Ningekuondoa," Odessa akasema. "Miaka ile ningekuondoa siku hiyo hiyo, na kofia yako ningekurushia nje."

Kisha akakaa. Kwa gauni jeupe, kwa glovu, alikaa chini kama mtu aliyechoka, na akaomba, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuomba, aonyeshwe tena kile kipande bila watu kupiga kelele. Jessamy akakirudisha. Walikitazama mara tatu. Mara ya pili Odessa akauliza kwa nini Raymond alikuwa anacheka kiasi kile, na Arletha akamweleza habari ya kwaya ya wavulana na miguu isiyongoja ruhusa. Odessa hakucheka, lakini kifua kilimpanda mara moja. Mara ya tatu akauliza nani alikuwepo hospitali siku za mwisho, maana wao nyumbani walikwenda mara moja tu, na walisimama mlangoni. Arletha akasema walikuwepo wao, kwa zamu. Petty alikuwa na asubuhi, yeye alikuwa na jioni. Walimsuka nywele. Siku ya mwisho alikula vijiko viwili vya maboga na akalalamika hayana mdalasini.

"Hakuyapenda bila mdalasini," Odessa akasema. "Tangu mdogo."

Wakakaa. Nje watu walikuwa wanacheka na sahani zao, na sauti ya Bi Lavonda ilikuwa juu ya zote. Odessa akavua glovu moja, akaikunja, akaivaa tena. Alisema mpwa wa Gaither, shemasi wa kanisa lao, alikuwa safu ya tatu akirekodi kwa simu, kwa hiyo shemasi huenda ameshapata yote. Atapiga simu usiku huu, atataka mtu fulani apumzishwe. Na yeye Odessa hajui atamjibu nini. Ana miaka sabini na tatu, hawezi kugeuka kwa mchana mmoja, asiharakishwe.

"Sikuharakishi," Arletha akasema.

"Lakini ratiba ya mlango naandika mimi. Ya kesho niliiandika Jumanne, na sina desturi ya kufuta." Alikuwa bado hamtazami. "Baada ya kesho, tutaona."

Jessamy akawasogelea, daftari mkononi, akiomba radhi kwa kuwaingilia. Alisema majina aliyoyataja Bi Arletha yatawekwa kwenye kumbukumbu za jumba, chini ya picha, yabaki hapo kila itakapoonyeshwa. Wote wana jina la ukoo, isipokuwa mmoja. Aandike Dovie peke yake?

Arletha akatazama viatu vyake. Odessa akavaa miwani yake, akalichukua daftari kutoka mkononi mwa binti yule, akaisoma ile orodha kutoka juu mpaka chini kama anavyokagua kucha za wahudumu wapya. Akauliza lile jina alijichagulia mwenyewe? Arletha akasema ndiyo, alijichagulia.

"Andika Pruitt," Odessa akasema. Akafikiri. "Na katikati weka Lucille. Ni la mama yetu. Mimi sikupewa, na hajazaliwa mwingine wa kulichukua."

Akamrudishia Jessamy daftari, akabaki ameinama juu ya bega lake mpaka alipomaliza kuandika, kisha akamwambia herufi hizo ni ndogo mno, aandike upya.